Akidi ya Wanne

Kosa nililiandika mie, kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri, kwa hiyo sina wa kumnyooshea kidole. Naitwa Mwamvita, muuguzi mstaafu, katibu wa wadhamini wa Nyumba ya Pumziko hapa Mtoni. Na kabla hujauliza: hapana, hatulipwi. Wadhamini wa kujitolea hatupewi hata nauli. Tulichokuwa nacho ni nyumba ya vyumba vinne, na kina mama wanaotoka Masasi, Newala na Tunduru kuja kupigwa mionzi ya saratani. Hospitali inakuhudumia nusu saa, inakwambia rudi kesho. Ukirudi, unarudi wapi, na Dar huna ndugu? Unarudi kwetu.

Mwaka huu walikuwa sita. Mmoja wao Filomena, mwanamke wa Newala, miaka thelathini na minne, saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alimwandikia mionzi ishirini na tano, kila siku ya kazi mmoja, bila kuruka. Alikuwa anahesabu kama mtoto anayesubiri sikukuu. Nikiingia tu, hata shikamoo haijaisha, "Mama, leo wa saba!"

Nyumba haikuwa yetu. Alitupa tuitumie Bi Badriya, mama mmoja wa ukoo wa wenye maduka, Mungu amrehemu. Sie wadhamini tulianza watano. Mzee Kasimiri, mchonga vinyago, ndiye aliyetukusanya baada ya mkewe kufa kwa saratani. Mzee Hilal wa duka la vitambaa akawa mwenyekiti. Halafu mwalimu Editha, Stephano fundi bomba, na mie. Katiba tuliiandika wenyewe, kwa kujidai kweli, na ndani yake tukaweka kwamba kikao hakina nguvu bila wadhamini wanne. Hiyo ndiyo akidi.

Miaka mitatu iliyopita Kasimiri akatutoka. Siku ya arobaini yake Mzee Hilal alisimama aseme maneno mawili matatu. Mzee mzima akalia mbele za watu. Alipopata sauti akasema, "Kasimiri hatoki kwenye baraza hili. Mwamvita, andika: yupo." Editha akapiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Hivi nani angesema hapana siku ile? Nikaandika.

Toka hapo, kila kikao nikisoma mahudhurio, nikifika kwa Kasimiri wote wanaitikia, "Yupo!" Na kikombe chake cha chai tunakimimina. Mie nilikuwaga naona raha, sikufichi. Nilikuwa naona sie ndio watu, hatumtupi mwenzetu.

Mwaka jana Stephano akahamia Songea kwa watoto wake, akaandika barua ya kujiuzulu. Tukakaa kikao, tukaridhia, tukampa na zawadi ya shuka. Kumtafuta mwingine wala hatukuwaza, maana daftari lilikuwa bado linasoma wanne. Jamani! Watu wazima watatu, mmoja mwalimu wa hesabu.

Mwezi wa tatu Bi Badriya akafariki. Baada ya matanga akaja mwanawe, Hudhaifa, kijana wa adabu, hata kiti alikalia ukingoni. "Mama aliacha neno," akasema. "Nyumba mpewe nyie moja kwa moja. Ndugu zangu wamekubali, ila wametoa muda, mwisho wa mwezi wa tano. Leteni karatasi za wadhamini tuandikishiane. Ukipita hapo inaingia kwenye mirathi na kugawanywa, na mie peke yangu siwezi kuwazuia."

Tulishukuru mpaka tukachoka. Mzee Hilal akanunua soda za watu wote, wagonjwa na wazima. Tukajipa wiki mbili za kupanga karatasi, kisha tukaenda Manzese kwa Recho, wakili anayetusaidia bure, na mafaili yetu yamefungwa kwa utepe.

Recho akasoma, akatabasamu. "Mmejipanga. Sasa huyu Kasimiri naye aje asaini."

Tukatazamana.

"Hawezi kuja," akasema Editha.

"Kasafiri?"

"Kafariki."

"Oo, poleni sana. Lini?"

"Miaka mitatu," nikasema mie.

Recho akarudi kwenye faili, kidole kinashuka kwenye mstari. "Lakini Februari amehudhuria. Na hapa ameunga mkono hoja ya magodoro."

"Ni heshima, mwanangu," akasema Mzee Hilal, sauti ndogo. "Sie hatumtupi mtu wetu."

"Naelewa, mzee. Ila toka Stephano aondoke mmekuwa watatu. Kisheria hamjakaa kikao hata kimoja."

"Basi tunamteua wa nne sasa hivi!" nikaruka. "Hapa hapa!"

"Kuteua kunataka kikao, mama. Na kikao kinataka wanne."

"Kwa hiyo ili tufike wanne, tuwe kwanza wanne?"

"Ndiyo."

"Stephano tumrudishe!"

"Mliridhia kujiuzulu kwake, tena siku hiyo mlikuwa wanne walio hai. Kumrudisha ni kumteua upya." Alifunga faili taratibu, nikajua haoni mlango wa kututoa. "Kilichobaki ni kuiomba mahakama iwateulie. Inaweza kuchukua miezi sita."

Tulikuwa na siku kumi na tisa.

Nilikasirika, wallahi, nikakosa pa kuitupa hasira. Nimkasirikie Recho, anayesema kweli? Hudhaifa, aliyekuja na heri? Marehemu, aliyelala zake kaburini wala hakuomba kuitwa? Tukapeleka maombi mahakamani kesho yake. Tukaenda kwa ndugu zake Hudhaifa tukawapigia magoti, Mzee Hilal na miguu yake mibovu. Walitukaribisha vizuri, wakatupa kahawa na kashata, wakasema, "Wazee wetu, tulishakubali. Leteni karatasi." Na walikuwa na haki! Ungewapa nini, muhtasari wenye saini ya maiti?

Mwisho wa mwezi ukafika kama ilivyo ada yake. Hudhaifa alikuja mwenyewe na kufuli, hakutuma mtu, na macho yake yalikuwa mekundu. Wagonjwa watatu walikuwa wamemaliza mionzi yao, wakaenda makwao. Wawili Mzee Hilal akawachukua kwake, nafasi ikaisha. Filomena nikamchukua mie. Alikuwa na mionzi kumi mwilini.

Naishi vyumba viwili na binti yangu, mumewe na wajukuu. Nikampa kitanda changu, nikalala chini na watoto. Lakini saratani ile ina harufu, na dawa haiimalizi. Mie nimeizoea wodini. Siku ya kwanza mkwe wangu alikula upesi upesi. Siku ya pili akachukua sahani yake akaenda kula nje, kasema ndani joto. Hakusema neno baya, mkwe wangu si mtu mbaya. Ila Filomena aliona, na toka hapo akawa anajifunga khanga mbili, tatu, na jua lile.

Siku ya tano, Ijumaa, nilimkuta asubuhi kakaa kitandani na begi miguuni. Hospitali alitakiwa saa nne.

"Mama, naenda nyumbani."

"Una wazimu? Hujamaliza!"

"Nimeshaongea na dada Monica, atanipokea." Akanishika mkono kama mie ndiye mgonjwa. "Kule kwenye nyumba sote tulikuwa tunanuka, mama. Hakuna aliyeondoka na sahani yake."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Nikamwambia mahakama itajibu, nikamwambia nitamwondoa mkwe, maneno ya kipuuzi. Nikampigia Mzee Hilal aje aseme kama mwenyekiti. Akaniuliza tu, "Nimwambie nini, Mwamvita?"

Nikamsindikiza mpaka kituo cha Rangi Tatu, kwenye basi la kusini. Kondakta akataka kumweka nyuma, nikamfokea mpaka akampa siti ya dirishani, pembeni pasipo mtu. Hilo ndilo jambo pekee nililolifanikisha mwezi mzima. Nilimfungia dawa zake kwenye mfuko, nikamweleza ya asubuhi na ya jioni, naye akawa anaitikia bila kusikiliza.

Injini ikawaka. Akatoa kichwa dirishani.

"Mama, wewe umefanya kazi hospitali. Nimepata kumi na nne. Kumi na nne si haba, eti?"

Miaka thelathini na moja ya uuguzi. Najua mionzi ikikatizwa njiani inakuwaje, nimewaona wakirudi baada ya miezi, na wengine hawarudi. Alikuwa ananitazama usoni, anangoja.

"Si haba, mwanangu," nikamwambia. "Inatosha."

Akatabasamu, akashukuru, akaniomba niwasalimie wadhamini.