Kura ya Mzee Bura

Karani Pascal alisimama ghalani juu ya magunia akisoma majina ya vibarua. Aliyeitwa aliitikia "Nipo!" akakimbilia sindano yake. Jumamosi ile alisoma wanawake wengine wote washona magunia, akafunga daftari. Jina la Natalia hakulisoma.

"Mama Basili, wewe subiri."

Natalia akasubiri ndani ya vumbi la ngano mpaka trekta zikatoka. Nyumbani unga ulikuwa umebaki wa siku mbili. Mahali baba yake alipokuwa akilima mahindi sasa palikuwa ngano ya shamba la serikali, na kilichobaki kwao ni kibarua hicho.

"Kesho nani anamshika mkono mzee wako kupiga kura?"

"Ni mimi, bwana karani."

"Mzee anatangaza kila kilabu cha pombe kwamba kura atampa yule anayetaka njia ya ng'ombe ifunguliwe katikati ya shamba. Kipofu, lakini mdomo wake una macho manne!" Pascal akacheka peke yake. "Sikiliza. Mnapigia darasa la tatu. Dirisha halina kioo, na mimi nitakuwa pale nje. Ukishaweka alama, inua karatasi kidogo kama unatafuta mwanga. Nikiona ni mgombea wetu, Jumatatu nakusoma wa kwanza."

"Na nisipoinua?"

"Basi kaiombe hiyo njia ya ng'ombe ikupe magunia ya kushona."

Mzee Bura, baba yake Natalia, hakuwa askari wa mshahara. Alikuwa mgambo, alichukuliwa vitani wakati wa palizi. Huko ng'ambo ya Kagera mwenzake aliyetangulia alikanyaga bomu la kutegwa; mwenzake akafa, yeye akapoteza macho. Alirudishwa nyumbani Hanang na blanketi moja na cheti. Mwaka huu wa tisini na tano ndio uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu vita hivyo, na Jumapili asubuhi mzee alivaa koti la jeshi, akafunga vifungo mpaka shingoni.

Njiani aliongea bila kupumzika.

"Natalia, unajua tulikwenda kule kufanya nini? Kumtoa nduli ambaye hakuna mtu aliyempigia kura. Macho yangu ndiyo nauli niliyolipa. Leo nafika."

"Angalia shimo, baba."

Darasani, Mwalimu Patriki, msimamizi wa kituo, alimwamkia shikamoo, akamuuliza msaidizi wake ni nani.

"Huyu binti yangu. Simtaki mwingine."

Nyuma ya pazia la kanga mzee alitaka kushika kalamu mwenyewe. "Nishike vizuri, mkono usitoke nje ya kisanduku. Ni hapa?"

Dirishani Pascal alikuwa anatafuna ngano mbichi.

Ninyi mnaosema "Mimi ningekataa," kwanza kapimeni unga wenu.

"Ni hapa, baba," alisema Natalia, akausogeza mkono wa baba yake kwa mgombea mwingine. Mkono ule ulikandamiza kwa nguvu, alama ikatokea nzito. Kisha Natalia akainua karatasi.

Nje mzee alionyesha watu kidole chenye wino. "Nimefika!"

Jumatatu Natalia alisomwa wa kwanza. Jioni alimkuta baba yake njiani, ameshasikia kwamba matokeo yamebandikwa kwenye mlango wa shule. Wakaenda mpaka hapo mlangoni, Natalia akimwongoza kwa ncha ya fimbo.

"Nisomee. Mtu wetu kapata ngapi?"

Natalia alisoma mara mbili kimoyomoyo. "Sifuri, baba."

Hapo ndipo alipojua kwamba Jumamosi ile si yeye peke yake aliyeambiwa habari za dirisha.

"Sifuri? Na yangu iko wapi?" Ngumi yake ikagonga mlango. "Wameiba! Mwalimu! Toa karatasi uandike malalamiko. Nina shahidi."

Mwalimu Patriki alitoka na kalamu, na nyuma yake Pascal, ambaye alikuwa ndani anakunywa chai.

"Shahidi ni nani, mzee?"

"Huyu. Tulishika kalamu moja. Sema, mwanangu."

Pascal akapekua daftari lake la vibarua.

"Kura haikuibwa," alisema Natalia. "Niliiweka mimi kwa yule mwingine."

"Kwa hiari yako?" aliuliza mwalimu, macho chini.

"Kwa hiari yangu."

"Basi hakuna malalamiko. Msaidizi alichaguliwa na mpiga kura mwenyewe." Akafunika kalamu.

Mzee Bura alinyoosha mkono, akapapasa uso wa binti yake kuanzia paji mpaka kidevuni, kama anayehakiki ni nani. Kisha akachomoa fimbo mkononi mwa Natalia, akaondoka akipapasa ukuta.

Jumanne alfajiri Natalia aliamka akakuta kamba imefungwa kutoka mlango wa baba yake mpaka chooni, na nyingine mpaka kwenye pipa la maji. Jirani yao Gidamis ndiye aliyezifunga, kwa uzi wa magunia ya shamba. Mzee alikuwa anatembea akishika kamba, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, baba."

Mzee akapita.

Huko ghalani karani alikuwa ameanza kusoma.

"Natalia Bura!"

"Nipo."