Madam Hanan Asamehewa

Ijumaa baada ya swala, Serah alikuwa jikoni akisugua sufuria ya pilau wakati Daktari Faris alipoingia na kopo dogo la vidonge. Faris alikuwa daktari wa kawaida wa kituo cha afya hapo mtaani Al-Baghdadiyah, wa mafua na kisukari, ila alikuwa amesomea mafunzo mapya: dawa ya kumwonyesha mgonjwa njozi ili apone huzuni na uraibu. Madam Hanan, mwenye nyumba aliyemwajiri Serah kazi za ndani, alikuwa na miaka tisa hajalala bila vidonge vya usingizi.

Dawa ilitaka mtu wa kuketi kando ya mgonjwa saa sita bila kuondoka. Kwa kutoondoka, nyumba ile haikuwa na bingwa kama Serah. Mkataba wake uliisha mwezi wa pili, huu ulikuwa wa kumi, na pasipoti yake ilikuwa kwenye sefu ya Madam. Huko nyumbani Bungoma, bintiye Ivy, aliyemwacha akinyonya, sasa alimwita shangazi yake mama. Hilo lilimkata Serah maini.

Njozi za Madam zilikuwa na tabia ya kutoka nje na kubaki. Ijumaa ya kwanza marehemu babake alikuja akaomba chai isiyo na sukari, Serah akampikia, akanywa, akaenda zake. Ijumaa ya pili, vidonge vya miaka tisa vilinyesha kutoka darini, ndoo mbili tele.

"Usizoe kwanza," daktari alisema. "Niandike."

Ijumaa hii ya tatu Madam alifumba macho, akahema, na pasipoti ikatandazika sakafuni, imefunguka, pana kama sebule yenyewe. Picha ya Serah ilikuwa upande wa mlangoni. Madam, Serah kamshika mkono kama alivyoagizwa, akatambaa hadi pale, akaibusu picha kwenye paji la uso.

"Nisamehe," alilia. "Nimekufungia."

Picha ilifikiri kidogo, kisha ikaitikia kwa kichwa. Daktari akaandika kwamba mgonjwa amesamehewa.

"Daktari, lakini mimi sijasema kitu," Serah alisema.

"Si lazima. Hiyo imetosha."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Serah alikuwepo.

Daktari alipoondoka, Serah aliikunja ile pasipoti pembe moja, akaivuta kwa nguvu zake zote. Ilikwama mlangoni.

Asubuhi Madam aliamka mwepesi, anaimba. Alikuwa amelala bila kidonge.

"Madam, naomba ile ndogo, ya kwenye sefu," Serah alisema. "Nataka kwenda kwa mtoto wangu."

Madam alimkumbatia, na hakuwa akiigiza. "Serah, habibti, hayo halas, yamekwisha. Nimeshasamehewa. Tusirudi nyuma."

Ile kubwa wakaifanya zulia, na wageni huisifu sana. Kila Alhamisi Serah huifagia akianzia usoni pake, maana hapo mlangoni ndipo watu hukanyaga zaidi.