Kitambi cha Kijiti

Mume wa fundi cherehani aliitwa Kijiti tangu ujanani, kwa wembamba wake, na jina likamganda. Kwa hiyo tumbo lake lilipoanza kuchomoza, mkewe alitamba mtaa mzima. "Mnaona? Kijiti kimeota kitambi! Nani alisema mimi silishi?" Akafumua kiuno cha suruali, akaongeza kitambaa. Baadaye akafumua tena. Mashati, kinyume chake, akayabana mabegani, maana mikono ilikuwa inakonda. Na fundi mzima, futi ya kupimia shingoni, asijiulize! Mteja akinenepa unamwongezea kitambaa, basi.

Asubuhi moja Kijiti akatapika damu, beseni zima.

Hospitalini daktari aliuliza habari za pombe. Shemeji, kaka yake Kijiti, akaguna.

"Hajawahi hata kuionja," fundi akasema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Kazi yake?"

Kuzibua mifereji ya mashamba ya mpunga, tangu kijana, maji magotini.

"Basi huenda ni kichocho cha tumbo," daktari akasema. "Mayai ya minyoo yameliziba ini, damu haipiti vizuri. Presha imepanda kwenye mshipa unaopeleka damu huko. Ndiyo maana bandama imevimba na tumbo limejaa maji. Damu ikatafuta njia za pembeni, kwenye vimishipa vya njia ya chakula, navyo vimepasuka. Tutavifunga leo. Vikipasuka tena kabla ya hapo, sitawadanganya, ni hatari." Akamgeukia mgonjwa. "Choo kilikuwa cheusi?"

"Kama lami. Tena kwa muda."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua!" shemeji akaropoka, mbele ya mgonjwa. Haya, mdomo hauna breki!

Fundi hata hakukasirika. Hakuhisi kitu. Walipobaki wawili akauliza, "Mbona hukuniambia, baba watoto?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unanizungusha kwa majirani wanione. Sijawahi kukuona umefurahi vile kwa ajili yangu."

Akacheka kidogo. Kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikaja na damu. Wauguzi wakamsukuma mbio.

Fundi akangoja kwenye benchi la korido. Hatimaye daktari akatoka.

"Pole sana, mama. Tumempoteza."

"Nimeshapoa," akajibu, kama watu wanavyojibu wakijikwaa kidole. Kisha akakaa tena palepale kwenye benchi, kumngoja.