Ndani ya Ng'ombe

Blaise Ndikumana alikuwa mwongo mbaya, na mwongo mbaya hujulikana kwa haraka ya kujibu. Mchumba wake Kendi alipomuuliza atakuwa wapi Jumatatu ya Pasaka, alidakia hata kabla swali halijaisha: "Niko Smithfield, ghalani. Wametuongezea shifti." Kumbe siku hiyo yeye na Smithfield hawakuwa na habari. Alikuwa Olympic Park, jijini Sydney, kwenye Maonyesho ya Pasaka ya kilimo na mifugo, ndani ya ng'ombe.

Si ng'ombe wa kuchinjwa, msiogope. Lilikuwa vazi la manyoya meusi na meupe lenye kichwa kikubwa kama pipa, pembe za sponji na kope ndefu za kurembua, mali ya kampuni moja ya maziwa iliyotaka kupendwa na watoto. Zipu yake ilikuwa mgongoni, kwa hiyo aliyemo ndani hatoki mpaka atolewe. Kichwa mtu angeweza kukivua mwenyewe, lakini hapo ndipo palipokuwa na amri. Narelle, mama mtu mzima aliyemsimamia, alimwambia asubuhi ile huku amemnyoshea kidole: ng'ombe hasemi, na ng'ombe havui kichwa mbele ya watoto. Joto lisiwe sababu, wala kiu.

Kilichomzuia Blaise kumwambia Kendi ni aibu tu. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ila alitoka katika ukoo wa Kirundi unaojiheshimu, na Jumamosi iliyokuwa inakuja mjomba wake Lazare angewaongoza wazee kwenda Blacktown, nyumbani kwa baba mdogo wa Kendi, kuposa. Mwanamume ambaye wazee wake watakwenda kuzungumzia ng'ombe wa mahari hapaswi kuonekana naye ana mkia. Alitaka sherehe ipendeze, akachukua kibarua cha sikukuu, akanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakupata kuvaa kwato za sponji wiki ya kwenda ukweni.

Mapenzi yao yenyewe yalifuata kalenda ya jiji. Kendi ni nesi, Mmeru wa Kenya, na zamu zake hazina saa maalumu. Blaise naye hupakia makasha usiku na kulala mchana. Basi walionana siku ambazo Sydney nzima huonana. Walijuana kwenye tamasha la Waafrika. Walishikana mikono mara ya kwanza msimu wa Vivid, tamasha la taa, majengo ya bandarini yakiwa yamepakwa taa za kila rangi. Siku ya pili ya Krismasi walisimama juani na maelfu ya watu kutazama mashua za mashindano zikiondoka kwenda Hobart, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejali mashua. Na mkesha wa Mwaka Mpya, umati ulipoanza kuhesabu kurudi nyuma, Blaise alipiga goti mbele ya kwaya nzima ya kanisa, pete mkononi. Simu zikainuliwa. Kendi akajifunika mdomo kwa viganja viwili, kisha akasema ndiyo, fataki zikalipuka juu ya daraja. Video ile ilifika Meru, Bujumbura na Kigoma kabla moshi haujatawanyika. Blaise hakuwa na kumbukumbu nyingine aliyoipenda kama hiyo.

Mchana wa Jumatatu ile feni ndogo iliyokuwa ndani ya kichwa cha ng'ombe ilikufa. Narelle alimsogeza hadi kivulini kando ya hema la maziwa, karibu na benchi moja tupu, akamwambia asimame hapo asubiri, yeye anakwenda kutafuta betri na maji. Blaise akasimama. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye soksi. Dunia aliiona kupitia wavu mdogo uliokuwa mdomoni mwa ng'ombe, na katika wavu huo wakaingia wanawake wawili wenye sahani ya chipsi, wakaketi kwenye benchi, ubavu wao ukimwelekea.

Mmoja alikuwa Waceke, nesi mwenzake Kendi. Wa pili alikuwa Kendi mwenyewe.

"Hii shoo ni kama ya Nakuru tu," Waceke alisema, "ni vile huku ng'ombe zinaoshwa na shampoo."

Kendi hakucheka. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado amevaa viatu vya kazi. Alivivua, akaanza kujikanda nyayo.

"Na wewe uko na shida gani? Bibi harusi gani huyu amekunja uso hivi?"

"Waceke, mimi sitaki."

"Hutaki chipo?"

"Hiyo Jumamosi. Kuposwa. Sitaki."

Waceke aligeuka huku na huku. "Ongea polepole."

"Nani atatusikia? Hapa ni wazungu na ng'ombe."

 Blaise alidhani labda ni joto, labda masikio yake yamezibwa na yale manyoya. Lakini Kendi aliendelea, na maneno yake yalisikika vizuri kabisa.

"Amekukosea?" Waceke aliuliza.

"Hajanikosea. Ni mtu poa sana, hata ninaona aibu kusema. Lakini simjui. Kila tukipatana kuna fataki, kuna taa, kuna watu wanapiga kelele. Sijawahi kukaa na yeye Jumanne ya kawaida, tukose hata cha kuongea. Sijui akichoka anakuwaje. Akikasirika, sijui. Nikimuuliza uko aje, ni 'niko sawa, mpenzi'. Kuna mtu huwa sawa kila siku?"

"Na si ulisema yes?"

"Ningesema nini? Kwaya nzima imeshika simu, mtu amepiga magoti, watu wanahesabu kumi, tisa, nane. Nimwambie wacha nifikirie? Nilisema yes ndio asiaibike. Tangu hiyo siku silali. Sasa vitenge vimeshonwa, hall imepatikana, mum amepata visa. Kila nikiangalia naona tu mahali pa kuingilia, pa kutokea sioni."

Waceke aliweka sahani chini. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, Kendi. Ukimhurumia leo, mtalia wote baadaye, tena na watoto. Mwambie kabla ya Jumamosi."

"Nitamwambiaje?"

Hasira ndiyo iliyotangulia. Blaise alitaka kunguruma kutoka ndani ya lile pipa: mbona ulitabasamu? Mbona uliituma video kwa mama yako? Akainua kwato zote mbili, akashika kichwa cha ng'ombe chini ya kidevu, tayari kuking'oa. Amri ya Narelle na iende na Narelle.

Lakini watu waliokuwa wakipita waliona ng'ombe amechangamka. Mama mmoja mwenye mifuko ya zawadi akainua simu. Pembeni yake baba mmoja naye akainua ya kwake, kisha mabinti wawili. Blaise akaziona simu hizo kupitia wavu, na akaona yatakayofuata: kichwa kinatoka, mchumba anafichuka, umati unapiga makofi, na Kendi, mbele ya watu wote hao, anajifunika mdomo kwa viganja viwili. Ndivyo alivyofanya usiku ule pia. Kwa miezi yote hii Blaise alikuwa akiita kitendo kile furaha.

Akashusha mikono.

Kendi alikuwa bado anajikanda. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kidoleni, macho yalimwiva kwa usingizi, nywele zilikuwa zimebonyea upande mmoja zilipolaliwa kwenye kiti cha treni. Blaise hakuwahi kumwona hivyo. Alimpenda pale kuliko alivyompenda chini ya fataki, akajua pia kwamba kupenda huko hakumsaidii kitu tena.

"Haya, simama," Waceke alisema, akijaribu kuleta mzaha. "Wacha tupige picha na huyu bwana mkubwa, angalau ucheke kidogo."

Wakamjia. Kendi, bila viatu, aliegemea bega la manyoya, na Blaise akasikia harufu ya sabuni ya hospitali. Waceke alinyosha mkono, akapiga picha. Kendi hakuondoka mara moja. Aliinua uso, akasema kwa sauti ya utani iliyochoka:

"Ng'ombe, wewe si mtu wa maneno mengi. Niambie basi. Nimwambie hapana?"

Waceke alikuwa ameshaanza kucheka. Blaise alifikiri juu ya mjomba Lazare na hotuba ya posa ambayo mzee huyo alikuwa akiifanyia mazoezi bafuni. Alifikiri kwamba akisimama tu kimya, Jumamosi itafika yenyewe, na Kendi atatabasamu, na atakuwa mke wake. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Hakutakiwa kufanya lolote.

Kichwa kile kilikuwa kizito, na ukikitikisa kidogo hakuna anayeona. Kwa hiyo ilimbidi ainame mpaka kidevu cha ng'ombe kiguse kifua, kisha ainuke, kisha ainame tena.

"Ati ndiyo!" Waceke alipiga kelele, akashika mbavu. "Manze, ameelewa!"

Kendi naye alicheka, ila kicheko chake kiliisha mapema. Akatoa simu.

"Sasa hivi?"

"Nikingoja nitaogopa tena."

Simu ya Blaise ikaanza kumtetemekea pajani, ndani ya suruali, chini ya manyoya, mahali ambapo kwato zisizo na vidole zisingefika. Bembea za mitambo zilikuwa zikinguruma, muziki ulikuwa juu, na hakuna aliyesikia isipokuwa yeye. Ikatetemeka, ikatetemeka, ikanyamaza.

"Hapokei. Yuko kazini, maskini." Akasubiri mlio wa kuacha ujumbe, kisha akaanza kuongea. "Blaise, ni mimi. Ukitoka kazini naomba umwambie mjomba wasije Jumamosi. Siwezi. Si wewe umekosa, ni mimi nilisema ndiyo nikiogopa watu. Kesho niko off, njoo nyumbani, peke yako, nikueleze vizuri. Si haki kumwambia mtu neno kama hili bila kumwangalia machoni."

Alikuwa akimtazama ng'ombe wakati anasema hayo, maana mwenye kuongea kwa simu hutazama popote. Aliyatazama yale macho ya plastiki yenye kope ndefu. Ya Blaise yalikuwa chini kidogo, nyuma ya wavu, wala hayakuondoka usoni pake mpaka alipomaliza.

Akavaa viatu, akaipapasa shingo ya ng'ombe kama mtu anayeaga, akamshika Waceke mkono. Waliondoka kuelekea kwenye mabanda ya mbuzi. Kendi alitembea upesi kuliko alivyokuja, na hakugeuka nyuma.

Narelle akarudi na betri na chupa ya maji yenye mrija, akamnywesha kupitia wavu, akamwomba radhi kwa kuchelewa. Feni ikaanza kuzunguka. Ndani ya kichwa kile Blaise alilia kwa sauti, kama mtoto, kwa kuwa hakuna ambaye angemsikia na zamu ilikuwa bado ndefu. Watoto walikuwa wameshapanga foleni, na kila aliyefika mbele alipigwa picha na ng'ombe anayetabasamu.