Chaki Mapajani

Fundi viatu aliiona chaki kabla hajauona mkoba. Mke wake alikuwa ameegesha baiskeli ukutani, ameinama kufungua kasha la dawa kwenye keria, na suruali yake ya kazi, ile ya buluu iliyokoza, ilikuwa na madoa meupe upande wa ndani wa mapaja. Kulia na kushoto. Usiniambie ni vumbi. Vumbi la barabarani huishia magotini, na halina weupe ule. Hii ilikuwa chaki, na chaki haipandi hadi huko yenyewe.

"Pole na kazi," alisema.

"Asante. Nimechoka hoi."

Akaizunguka baiskeli akijifanya anabonyeza matairi, aone kama yana upepo. Ndipo akakutana na mkoba. Chini ya siti, pale ulipokuwa ukining'inia mkoba alioushona yeye kwa mikono yake, palikuwa na kitu kingine kabisa: kimkoba chembamba cha turubai, kimejibana nyuma ya siti, kwa mbele kimechongoka.

Sasa hapa lazima niwaeleze huo mkoba wa kwanza ulikuwaje, la sivyo mtamcheka mtu huyu kabla ya wakati wake. Mke wake ni muuguzi. Kutwa yuko juu ya baiskeli, nyumba hadi nyumba, anawafunga vidonda wagonjwa wasioweza kwenda hospitali kwa miguu yao. Kasha la dawa linakaa kwenye keria. Koti la mvua, pampu, vifaa vya kuzibia pancha, vyote vinahitaji mahali pake. Basi mumewe akatoa kipande cha ngozi alichokuwa amekificha kwa ajili ya buti za mtu mkubwa fulani, akakikata, akakishona kwa uzi uliopakwa nta, akakipiga rangi mpaka kikang'aa. Mkoba mpana, mfuko huku, mfuko huku, na vifungo vya shaba pembeni. Wapita njia walisimama kibandani kuusifia. Kichwa kilimvimba, na mimi simlaumu, maana mkoba ulikuwa mzuri kwelikweli. Siku alipoupokea, mkewe alimkumbatia mbele ya wateja, mwanamke ambaye hata kushikana mikono njiani huwa anaona haya.

"Mkoba wangu uko wapi?" aliuliza.

"Uko stoo, juu ya rafu. Ulikuwa unanisumbua mapajani, nikatafuta mwingine."

"Nani ameutengeneza huu?"

"Yule fundi baiskeli wa njia panda."

Akaingia ndani kuoga. Hakubabaika, hakupunguza sauti. Alisema hivyo hivyo tu, kama mtu aliyetoka kununua kiberiti. Na hilo ndilo lililomchoma mumewe. Angebabaika kidogo, mwanamume angepata pa kumshikia.

Chakula cha jioni kilimpita kooni bila ladha. Alimtazama mkewe akitafuna, akajiuliza: unanisumbua mapajani, mapaja ya mke wangu yana shida, na anayeijua ni fundi baiskeli! Fundi baiskeli mwenyewe alimfahamu. Jibaba refu, la upole, limefiwa na mke, lina sauti ya chini inayowafanya wanawake wasogee karibu ili wasikie. Kumbe ndiyo mbinu yake! Kijiba cha roho kikampanda mpaka akasukuma sahani.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba sana," alisema, na akalitia hilo "sana" chumvi yote aliyokuwa nayo. Mkewe akachukua sahani, akaenda zake.

Nisiwafiche. Mtu huyu alikuwa anaogopa. Siku hizi mkewe alikuwa akirudi nyumbani na maneno machache. Zamani alikuwa akivua viatu huku anasimulia: mgonjwa huyu kasema hivi, bibi yule kamfukuza kwa fimbo ya kutembelea. Sasa alivua viatu tu. Mume aliona anaondokewa kidogo kidogo, kwanza hadithi, halafu mkoba, na kitakachofuata hakutaka hata kukitaja.

Asubuhi, jirani yake wa kibandani, mwanamke muuza ndoo, akamalizia kumkaanga.

"Shemeji, hongera. Naona sista siku hizi anashughulikiwa."

"Anashughulikiwaje?"

"Si nilimwona jana pale njia panda? Baiskeli imeinuliwa, gurudumu la nyuma liko hewani, sista yuko juu anapiga pedeli haendi popote, na fundi kachuchumaa nyuma yake, anatazama mapaja kama aliyedondosha sindano. Lakini mimi sisemi kitu."

"Umeshasema."

"Nimesema nilichoona tu. Halafu wakacheka."

"Nani alicheka?"

"Wote wawili! Mpaka sista akashika mbavu."

Nyundo ikatua kwenye kidole gumba. Fundi viatu hata hakusikia maumivu. Kuchuchumaa angeweza kukumeza, chaki angeweza kuimeza, lakini kicheko kilimkaba. Mara ya mwisho kumchekesha mkewe ilikuwa lini? Akafunga kibanda. Mteja aliyekuwa akingojea kiatu chake cha kushoto akaambiwa arudi kesho, akaondoka na kimoja mguuni, anaruka na kutukana.

Njiani alitayarisha hotuba. Ilikuwa hotuba ya kiume, yenye heshima, inayoanza na "ndugu yangu, mimi na wewe ni watu wazima". Alipofika, fundi baiskeli alikuwa ananyoosha rimu, na mteja mmoja pembeni alikuwa anapiga pampu.

"Karibu, fundi mwenzangu. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuhusu mapaja," fundi viatu alisema.

Mteja akaacha kupampu.

"Mapaja ya nani?"

"Ya mke wangu!"

Fundi baiskeli akaweka rimu chini, akajifuta grisi taratibu, kidole baada ya kidole, kwa upole ule ule wa kuudhi. Kisha akaeleza. Mkoba wowote wa chini ya siti, alisema, ukiutazama baiskeli imesimama, utaona haugusi kitu. Kazi ni mtu akipiga pedeli. Mapaja hayaendi juu na chini tu, yanakwenda na pembeni, na kila mtu ana yake. Kwa hiyo anaupaka mkoba chaki pande zote, anampandisha mwenye baiskeli, anamwambia apige pedeli.

"Palipofutika ndipo panapogusa. Napapunguza hapo, tunapaka tena, anapanda tena. Siku chaki ikibaki yote, kazi imekwisha."

"Na kuchuchumaa je?"

"Kaka, mkoba uko chini ya siti. Nikisimama nitauonea wapi?"

"Na kucheka?"

"Chaki ilimwingia puani. Akapiga chafya, nusura aanguke na baiskeli yangu nzima."

Mteja wa pampu akacheka. Fundi viatu akamtazama, mteja akaacha.

Hapo angeondoka angekuwa amejiokoa. Maelezo yalikuwa na akili na mtu yeyote angeyakubali. Lakini wivu hautaki maelezo, bwana, unataka ubishi. Akasema, "Mkoba wangu haumchubui mtu."

"Wako ni mzuri kuliko wangu, Mungu ananiona. Ni mpana tu. Hata mimi nilimwambia sista aje na wewe, uupunguze mwenyewe, maana ngozi yako sikutaka kuitia kisu."

"Akasemaje?"

Kwa mara ya kwanza fundi baiskeli akakwepa macho yake. "Akasema haina haja."

Maneno hayo mawili alirudi nayo hadi nyumbani. Haina haja! Kwa hiyo wamekaa wamezungumza habari zake, na mkewe, badala ya kumtetea, kasema haina haja ya yeye kuitwa. Heshima yote ya mkoba, vifungo vya shaba, kumbatio mbele ya wateja, haina haja. Ah! Basi atawaonyesha. Ataipanda baiskeli na mkoba wake mwenyewe, na akirudi mzima, atajua mkewe alikuwa anatafuta sababu ya kwenda njia panda.

Siku ya mapumziko mkewe alitoka kwa miguu kwenda kumwona dada yake. Mume akauteremsha mkoba kwenye rafu, akaufunga chini ya siti, akajaza koti, pampu na vifaa vyote, asije akaambiwa amedanganya. Akapanda. Nia yake ilikuwa kufika kwenye tangi la maji, kule juu, na kurudi.

Mtaa wa kwanza aliupita akiimba. Mtaa wa pili akaacha kuimba. Kwenye mlima wa shule akajikuta anapiga pedeli magoti yamekwenda nje kama chura, na watu dukani wakakonyezana. Vile vifungo vya shaba alivyovipenda ndivyo vilivyomng'ata, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Angeweza kusimama. Lakini kusimama ni kukubali, na yeye alikuwa hajakubali, kwa hiyo akajikaza, meno yameumana, jasho linamtoka, mpaka kwenye tangi.

Pale juu akashuka kwa mbinde, akashika ukuta. Mawazo yaliyomjia hayakuwa ya fundi baiskeli hata kidogo. Aliwaza: mimi nimefika hapa tu. Yeye anazunguka kutwa. Akajaribu kukumbuka aliushona lini mkoba ule. Ilikuwa kabla ya mvua. Mvua zilikuja zikanyesha mpaka zikaisha, na muda wote huo mkewe alikuwa juu ya siti hii.

Alirudi akiisukuma baiskeli, miguu kaitanua, hatua fupi fupi. Mkewe alikuwa amesharudi, amekaa kizingitini anakunja nguo. Akamtazama mumewe anavyokuja, akautazama mkoba, akaweka shati chini. Kicheko kilichomtoka kilikuwa cha zamani kile, cha kujishika mbavu.

"Wewe mwanamume! Nani alikutuma?"

Ungedhani angefurahi. Si alikitaka kicheko? Kimekuja, na ni chake peke yake. Lakini mapaja yalikuwa yanawaka moto, na aibu nayo inawaka, akafoka: "Mbona hukuniambia?"

Kicheko kikakatika.

"Nilikuambia," mkewe alisema.

"Lini?"

"Uko kibandani, unagonga soli. Nikakuambia, mume wangu, mkoba unanichubua. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Hakukumbuka. Lakini alijua. Alijua kwa sababu ndilo jibu analompa kila mteja anayelalamika kuwa kiatu kipya kinambana, amelisema mpaka linatoka lenyewe bila yeye kuwepo.

"Ulisema, ngozi itazoea. Nikarudi tena, vimeshakuwa vidonda. Hukuinua hata kichwa. Ngozi itazoea, mke wangu. Nikatembea njia nzima najiuliza, ngozi ipi, yako au yangu? Basi ikazoea yangu."

Alisema bila ukali wowote. Bora angekuwa mkali. Fundi viatu alisimama pale ameshika usukani. Neno lililomtoka lilikuwa la kijinga, lakini ndilo alilokuwa nalo.

"Yeye aliviona?"

"Nani?"

"Fundi wako. Aliviona vidonda?"

"Avione kwa njia gani? Yeye aliona chaki."

Moyo ukamtua. Akaegesha baiskeli, akasogea na ile miguu yake ya kutanua, akashusha sauti. "Basi nionyeshe mimi."

Mkewe akaliokota shati, akaendelea kulikunja. Hakuwa na hasira, na mumewe alitamani sana aione hasira.

"Vimepona," alisema. "Nilikuwa najifunga mwenyewe kule kazini, asubuhi kabla ya kutoka kwa wagonjwa. Vimepona siku nyingi. Hakuna cha kuona."

Na hapo ndipo wivu wenyewe ulipomshika, ule wa kweli, uliofanya kila alichohisi tangu siku ya chaki kionekane mchezo. Hakumwonea wivu fundi baiskeli. Alivionea wivu vidonda. Vilikuja, vikauma, vikafungwa na kufunguliwa, vikapona, na kila usiku vikalala ndani ya nyumba yake, kitandani kwake, ubavuni pake, na yeye hakuwemo.

"Ingia ndani ukae," mkewe alisema. "Vua hiyo suruali, usije ukaganda nayo."

Akamfuata na kasha la dawa na beseni la maji. Akamwosha, akampaka dawa, akamfunga bendeji paja hili na paja hili. Alikuwa na mkono mwepesi. Mumewe alimtazama utosini, akangoja aseme neno, lolote, hata la kumtukana.

"Usilowanishe," alisema, akikaza fundo la mwisho. "Na ukisikia maumivu, sema mapema."

Ndivyo anavyowaambia wagonjwa wake wote.