Tundu la Mkono

Kwa jina la Mola, mrehemevu wa wasemao na wasiosema, tunaanza.

Walikuwa watatu: Hirad wa mtaa wa Tena, aliyekodisha farasi kwa maharusi na watoto, Wayua, aliyewalisha farasi hao, na Musyoka, mchonga vinyago aliyegeuka seremala. Farasi walikuwa wawili. Amebaki jike, Zuhura.

Banda lilifungwa kwa geti la chuma lenye tundu la mkono, kama mageti yote mtaani, ili aliye nje aifikie kufuli iliyo ndani. Siku kumi zilizopita, yule dume alipitisha taya tunduni, akashtuka, akavuta, taya likavunjika. Hirad alilitazama lile tundu mpaka daktari wa mifugo alipomaliza kazi yake. Hakulia. Tangu siku hiyo hunywa chai asijue kama ina sukari.

Zuhura naye alikataa kuingia bandani. Alikesha nje mvuani, na sasa alikuwa akikohoa.

Musyoka alileta milango miwili. Wa kwanza ulikuwa wa bati. Hirad aliubonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea.

“Teke moja tu, utachanika umkate.”

“Basi huu, mzee wangu. Mkaratusi mtupu! Hata mkwe wangu hauvunji, na yule huvunja viti kwa kukalia.”

Wayua alicheka, akajizuia. Hirad aliupapasa mlango: mbao nene, juu wavu wa matundu madogo, ukingo umevikwa chuma usigugunwe. Ulifunguka kwa nje. Mkono wake ukafika katikati, ukazama.

Tundu.

“Musyoka,” alisema bila kupaza sauti, “hili ni la nini?”

“La kufuli, mzee. Geti ni...” Akavua kofia. “Wallahi, mkono ulikata wenyewe.”

“Lizibe.”

“Na wezi?” Wayua aliuliza.

“Kufuli itakaa geti la uani. Hapa nataka komeo la nje, la kufunguka kwa mkono mmoja.”

Musyoka aliziba tundu kwa ubao mzima, akasawazisha kwa randa. Alasiri wakautundika mlango. Zuhura aliunusa mahali palipozibwa, akasimama kitambo kirefu, kisha akaingia.

“Umeridhika, mzee?”

“Sijui,” Hirad alijibu. “Lakini ameingia.”

Alisukuma komeo, akasikia farasi akinywa maji.

Ewe Mlinzi usiyesinzia, wahifadhi waliobaki, wa miguu minne na wa miwili, na moyo wa Hirad uujalie kuhisi tena. Amina.