Leseni Thelathini

Barua ilisema mkaguzi wa kampuni inayouza leseni angekuja Jumatano kuhesabu kompyuta zinazotumia programu ya kuchorea ramani za majengo. Ofisi yetu ilikuwa na leseni za kompyuta thelathini, lakini programu ilikuwa kwenye kompyuta thelathini na mbili.

“Bosi, niondoe kwenye mbili tu, yaishe,” nilimwambia. Mimi ndiye fundi wa kompyuta.

“Ondoa kwenye zote,” alisema bosi, jasho likimtoka. “Isibaki hata harufu yake.”

Siku ilipofika, mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, alipita meza hadi meza asikute kitu. Wachoraji walikuwa wameinamia karatasi, penseli mkononi, kana kwamba umeme haujavumbuliwa.

“Mna leseni thelathini,” alisema, “na hamtumii hata moja?”

Bosi alijibu: “Tunazitunza, mama. Zisichakae.”

Mama yule alicheka mpaka akavua miwani. Bosi naye alijikaza, akashindwa, akacheka, kisha akakiri yote.

“Haya, fundi, rudisha kwenye thelathini nikiona,” mkaguzi aliniambia.

Nilirudisha moja moja hadi jioni, huku bosi mwenyewe akinibebea kiti kutoka meza hadi meza.